Kuona Nje ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kukagua Gari la Kisasa na la Umeme Jijini Dar es Salaam

Mnunuzi wa gari jijini Dar es Salaam kwa kawaida huuliza mambo manne kabla ya kutoa fedha: bei, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini na upatikanaji wa vipuri. Akifika yadi hulizunguka gari, hugonga tairi kwa kiatu, hufunua boneti, kisha huingia ndani kuitazama skrini. Ni nadra kumwona mtu akikaa kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, akatulia na kujiuliza: nikiwa hapa naona nini huko nje, na ni kitu gani kinachonifichikia? Mwongozo huu unahusu swali hilo, pamoja na jingine linaloambatana nalo, yaani iwapo gari litafanya kazi za kila siku za nyumba yako bila kukusumbua.

Unamlenga mtu anayetafuta gari la familia, jipya au lililotumika, la mafuta, la mseto (linalotumia mafuta na umeme) au la umeme mtupu, ambaye asubuhi atakuwa kwenye foleni ya Mandela au Bagamoyo, mchana atapita katika mitaa ya Sinza au Tabata isiyo na njia ya waenda kwa miguu, na jioni ataingiza gari katika geti lenye nafasi ya kiganja kila upande. Kwa mtu huyo, naona kwamba uwezo wa kuona nje unapaswa kukaguliwa mapema kama injini inavyokaguliwa, kwa sababu injini mbovu hutengenezwa gereji, lakini hakuna fundi anayeweza kupunguza unene wa nguzo zinazoshika paa na vioo au kupanua kioo cha nyuma.

Kwa nini magari ya karibuni huficha njia

Aliyewahi kuendesha Toyota Corolla ya miaka ya 1990 anakumbuka nguzo nyembamba na vioo vya milango vilivyoshuka hadi karibu na kiwiko. Magari ya aina hiyo yalikuwa na udhaifu wake: yakipinduka, paa lilikunjika kwa urahisi. Mwaka 2009 Marekani ilirekebisha kanuni yake ya uimara wa paa, ikataka paa la gari dogo lihimili mzigo wa mara 3 ya uzito wa gari badala ya mara 1.5. Nguzo zikaongezwa unene, na ndani yake pakatafutwa nafasi ya mifuko ya hewa inayoshuka kulinda vichwa vya abiria. Milango nayo ikapandishwa, na vioo vyake vikapungua kimo.

Magari ya umeme yameleta sababu mbili za ziada. Betri kubwa hulazwa chini ya sakafu, hivyo sakafu huinuka na mwili mzima wa gari hupanda pamoja nayo. Aidha, kwa kuwa upinzani wa hewa hupunguza umbali ambao gari husafiri kwa chaji moja, wabunifu huteremsha paa kuelekea nyuma kiasi kwamba kioo cha nyuma hubaki kuwa kama mwanya. Polestar 4 haina kioo cha nyuma kabisa, na dereva wake hutazama picha ya kamera mahali ambapo pangekuwa na kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Mtindo huo haukuishia kwenye magari ya umeme: Toyota C-HR, iliyoanza kuuzwa mwaka 2016, ina vioo vidogo vya nyuma na nguzo pana, jambo ambalo mwenye gari hulitambua siku ya kwanza anapojaribu kutoka kinyumenyume kwenye maegesho.

Mwaka 2025 taasisi ya IIHS ya Marekani, inayofadhiliwa na kampuni za bima, ilitoa matokeo ya vipimo vya eneo ambalo dereva huliona ndani ya mita 10 mbele ya gari. Katika Honda CR-V ya mwaka 1997 dereva aliona asilimia 68 ya eneo hilo. Katika CR-V ya mwaka 2022 aliona asilimia 28. Jina la gari ni lile lile na kazi yake ni ile ile, ila sehemu kubwa ya kilichokuwa kikionekana sasa kimejificha nyuma ya boneti, nguzo na vioo vya pembeni. Katika jiji lenye bodaboda, maguta, wamachinga na wanafunzi wanaovuka popote, eneo hilo lililojificha haliwi tupu hata kidogo.

Maandalizi kabla ya kwenda yadi

Beba futi kamba, chaki, chupa ya maji, kitambaa laini na kitu chochote chenye kimo cha mita 1 kinachoweza kusimama chenyewe. Ndoo iliyopinduliwa juu ya kigoda inatosha, mradi kwa pamoja vifike kimo hicho. Nenda na watu watakaolitumia gari, hasa mwenzi wako ikiwa naye ataendesha na mkaaji wa kiti cha nyuma, awe mtoto au mzee. Omba gari litolewe kwenye mstari na kuwekwa mahali pa wazi, kwa maana kwenye yadi nyingi magari hubanwa ubavu kwa ubavu na huwezi kupima lolote. Muuzaji akikataa kulisogeza gari, hiyo nayo ni taarifa.

Hatua ya kwanza: kiti na vioo

Vipimo vyote vinavyofuata havina maana ikiwa hujakaa sawasawa. Sogeza kiti hadi mguu uweze kukanyaga breki hadi mwisho huku goti likiwa limekunjika kidogo, inua mgongo wa kiti, kisha pandisha kiti kadiri kinavyoruhusu bila kichwa kukaribia paa. Madereva wengi hukaa chini mno kwa sababu wamelikuta gari hivyo. Kiti kisichopanda na kushuka ni kasoro kubwa kwa dereva mfupi, na magari madogo ya bei nafuu mara nyingi huwa na kasoro hiyo.

Baada ya hapo rekebisha vioo vya pembeni. Njia iliyozoeleka, ya kuacha ubavu wa gari lako uonekane kwenye kioo, inapoteza nafasi kwa kukuonyesha kitu unachokijua tayari. Kwa gari lenye usukani kulia, sogeza kichwa hadi kikaribie dirisha la mlango wako, kisha geuza kioo cha kulia kuelekea nje mpaka uone ubavu wa gari kwa shida. Kwa kioo cha kushoto, sogeza kichwa hadi katikati ya gari na ufanye vivyo hivyo. Ukirudi kukaa wima, ubavu wa gari hutauona tena, lakini pikipiki inayotoka kwenye kioo cha kati itaingia kwenye kioo cha pembeni bila kupotea katikati. Mwombe mtu atembee polepole kutoka nyuma ya gari hadi ubavuni kwako. Ikiwa kuna mahali anapotea kwenye vioo vyote na bado hujamwona kwa pembe ya jicho, hapo ndipo bodaboda atakapokuwa anakupita.

Baadhi ya magari yameondoa vioo vya pembeni na kuweka kamera ndogo. Japani iliruhusu jambo hilo mwaka 2016, na Lexus ES ya mwaka 2018 ikawa gari la kwanza kuuzwa kwa wingi likiwa na mfumo huo. Honda e ilifuata, na Hyundai Ioniq 5 huwa nao kama nyongeza. Kamera hizo huona vizuri usiku na mvuani, lakini ubaya wake ni kwamba ukisogeza kichwa picha haibadiliki, ilhali kwenye kioo cha kawaida unainama kidogo ukaona pembe nyingine. Zaidi ya hapo, jiulize itakuwaje siku kamera hiyo ikigongwa na bajaji. Kioo cha pembeni cha gari lililozoeleka unakipata Kariakoo ndani ya saa moja, lakini kamera yake huenda ikaagizwa nje.

Hatua ya pili: nguzo za mbele

Hapa ndipo ningependa utumie muda mrefu kuliko kwingine. Nguzo mbili zinazoshika kioo cha mbele ndizo huficha watu wengi zaidi mjini, na ya kulia ni mbaya kuliko ya kushoto kwa sababu iko karibu na jicho lako. Kanuni namba 125 ya Umoja wa Mataifa kuhusu uwezo wa dereva kuona mbele huweka kikomo cha nyuzi 6 za kizuizi kwa kila nguzo. Nyuzi 6 zinasikika kuwa kidogo, lakini ukipiga hesabu utaona kwamba kwa umbali wa mita 10 zinaficha upana wa takriban mita 1, na kwa umbali wa mita 30 zinaficha upana wa mita 3 hivi. Bodaboda anayekuja kwako uso kwa uso, yeye na abiria wake, hajafikisha upana wa mita 1. Gari linaweza kuwa limetimiza kanuni kikamilifu na bado likamficha mtu mzima na pikipiki yake.

Hatari huongezeka kwenye vipilefti. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari tunayopaswa kuyapisha hutoka kulia, yaani upande ule ule ilipo nguzo iliyo karibu na jicho. Ukikaribia kipilefti cha Sanamu ya Askari kwa mwendo wa taratibu huku pikipiki ikizunguka kwa mwendo unaolingana na wako, pikipiki hiyo inaweza kubaki nyuma ya nguzo kwa sekunde kadhaa mfululizo, kwa maana nguzo nayo inasogea pamoja nawe. Utaona barabara tupu, utaingia, na ghafla mtu yuko mbele ya boneti. Hali hiyo hiyo hutokea unapokata kulia kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro, ambako kuna njia ya mwendokasi katikati na watu wanaovuka kwenda na kutoka vituoni.

Kupima ni rahisi. Kaa kwenye kiti ulichokwisha kukirekebisha, mweke mtu mita 10 mbele kwa upande wa kulia, na umwombe atembee kando kando mpaka apotee nyuma ya nguzo. Achore alama ya chaki anapopotea, na nyingine anapotokeza upande wa pili. Pima umbali kati ya alama hizo kwa futi kamba, rudia kwa nguzo ya kushoto, kisha fanya hivyo kwenye kila gari unalolifikiria. Gari lenye kioo kidogo cha pembetatu kati ya nguzo na mlango linaweza kufanya vizuri au vibaya, kulingana na unene wa fito zinazokizunguka. Usiamini kuwapo kwa kioo hicho, amini chaki. Angalia pia mahali kilipofungwa kioo cha pembeni. Kikiwa kimebanwa kwenye kona ya nguzo, viwili hivyo huungana na kuwa ukuta mmoja, lakini kikiwa kimeshushwa kwenye mlango, hubaki uwazi kati yake na nguzo ambao mtoto anayevuka anaweza kuonekana kupitia hapo.

Baada ya kununua, dawa iliyobaki ni ya mwili wako: kabla ya kuingia kipilefti au kukata kona, sogeza kichwa na mabega mbele, kisha nyuma, ili jicho lizunguke nguzo. Madereva wa malori hufanya hivyo siku zote. Ondoa pia vitu vinavyoongeza kizuizi bila sababu, kama vile bendera ya Simba au Yanga inayoning'inia kwenye kioo cha kati, kishikio cha simu kilichopachikwa katikati ya kioo cha mbele, na stika za miaka iliyopita ambazo hakuna askari wa usalama barabarani anayezihitaji tena.

Hatua ya tatu: mbele ya boneti na ubavu wa kushoto

Magari mengi makubwa yaliyotumika yanayotoka Japani hufika bandarini yakiwa na kioo kidogo cha ziada kilichosimama kwenye kona ya kushoto ya boneti. Wengi hukiona kichekesho na hukiondoa wiki ya kwanza. Kipo kwa sababu kanuni za Japani hutaka dereva aweze kuona, moja kwa moja au kwa msaada wa kioo au kamera, kitu chenye kimo cha mita 1 na unene wa sentimita 30 kinachosimama karibu kabisa na mbele au ubavu wa kushoto wa gari. Mita 1 ni takriban kimo cha mtoto wa miaka mitatu au minne. Kikiondolewa bila kuweka kamera badala yake, gari hurudi kuwa lile ambalo watengenezaji wenyewe hawakuruhusiwa kuliuza kwao. Kiache mahali pake.

Sasa tumia ndoo na kigoda. Vianzie mbele ya bampa, kisha mtu avisogeze mbele hatua kwa hatua mpaka wewe uliye kwenye kiti uone ukingo wa juu, na upime umbali huo. Fanya vivyo hivyo ubavuni kushoto. Rudia pia kwa kitu kilichokaa chini kabisa, kwa sababu mitaani kwetu huwezi kusahau mitaro isiyofunikwa. Gari ambalo kioo chake cha kushoto huinama chenyewe unapoweka gia ya kurudi nyuma lina faida halisi hapa, kwani unaliona tairi la nyuma na ukingo wa mtaro kwa pamoja.

Hatua ya nne: nyuma, na nafasi ya kamera

Geuka mwili mzima na utazame nyuma kupitia kioo cha nyuma huku abiria watatu wakiwa wamekaa kiti cha nyuma na vilaza kichwa vikiwa vimeinuliwa. Gari linaloonekana kuwa na kioo kipana likiwa tupu linaweza kubakiwa na mwanya tu likijaa watu. Chunguza pia kama kioo cha nyuma kina waipa. Magari yenye mgongo uliokatwa wima huvuta vumbi na maji ya matope kwenye kioo, hivyo waipa ni ya lazima, lakini baadhi ya magari ya umeme yametolewa bila hiyo; Ioniq 5 za miaka ya mwanzo, kuanzia 2021, ni mfano. Wakati wa masika, kutoka Mbezi hadi Posta, kioo cha namna hiyo huweza kugeuka rangi ya udongo.

Kuhusu kamera ya nyuma, sina ugomvi nayo. Marekani imeifanya kuwa lazima kwa magari mapya madogo tangu Mei 2018, na inaona kile ambacho hakuna kioo kinachoweza kuona, yaani mtoto aliyechutama nyuma ya bampa. Lakini huona kwa ukaribu na kwa chini tu, na lenzi yake iko mahali panapochafuka haraka. Ijaribu mchana jua likiwa kali, ijaribu jioni, na umwagie lenzi maji uone picha inakuwaje. Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani, fahamu kwamba mara nyingi kamera imeunganishwa na redio ya awali ambayo maandishi yake ni ya Kijapani na masafa yake hayafiki kwenye stesheni nyingi za hapa. Ukienda kubadilisha redio, mwambie fundi mapema kwamba kamera, sensa na vitufe vya usukani lazima vifanye kazi baada ya kazi yake, na usilipe kabla ya kuweka gia ya kurudi nyuma na kuona picha.

Hatua ya tano: jua, mvua na ukungu wa kioo

Mtu anayeishi Kimara au Mbezi na kufanya kazi mjini ana bahati mbaya ya kijiografia: asubuhi huendesha kuelekea mashariki jua likichomoza, na jioni hurudi magharibi likizama. Kwa ajili yake, kioo cha mbele chenye mikwaruzo midogo ya waipa na vumbi ni hatari kila siku. Mikwaruzo hiyo haionekani kivulini. Ligeuze gari lielekee jua, au mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka pembeni, na utaiona kama utando wa buibui. Shusha kikinga jua uone kama kinafika mahali jua litakapokuwa. Kwenye magari yenye kioo cha mbele kilicholala sana, wakati mwingine hakifiki.

Dashibodi ya rangi ya maziwa hupendeza kwenye picha, ila kwa jua la pwani rangi hiyo huakisiwa kwenye kioo cha mbele na kufunika njia kwa weupe. Kitambaa cheusi kisichong'aa, cha aina inayouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya mapambo ya magari, kinaondoa tatizo hilo, mradi kisifunike matundu ya hewa wala sehemu ya mfuko wa hewa wa abiria.

Kwa mvua, mwaga maji kwenye kioo na uwashe waipa. Tazama kama zinafagia hadi karibu na nguzo ya kulia. Gari lililobuniwa kwanza kwa usukani wa kushoto, kisha likageuzwa, linaweza kubakiza ukanda mpana wa maji upande wako, na ukanda huo huungana na nguzo kuwa kizuizi kimoja kinene.

Ukungu wa kioo unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ushauri mwingi umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Jijini Dar es Salaam, asubuhi yenye unyevunyevu, kiyoyozi kikipuliza hewa baridi kwenye kioo cha mbele, ukungu hutanda upande wa nje wa kioo, na dereva hufuta ndani kwa leso bila mafanikio. Tiba yake ni kuwasha waipa mara moja au mbili, kuelekeza hewa usoni na miguuni badala ya kwenye kioo, na kupandisha joto la kiyoyozi kidogo. Mvua ikinyesha na gari likiwa limejaa watu, ukungu huwa wa ndani, na hapo kiyoyozi kinapaswa kubaki kimewashwa na kuelekezwa kwenye kioo ili kikaushe hewa. Wenye magari ya umeme huzima kiyoyozi ili kuokoa chaji. Kwenye mvua, usifanye hivyo.

Vioo vya giza nitavitaja kwa ufupi: utando mweusi kwenye milango ya mbele hukupunguzia jua mchana na kukufichia watu usiku, hasa mitaa isiyo na taa. Kama gari limekuja nao, likalie usiku kabla hujaamua.

Hatua ya sita: swichi

Kila jambo linalohusu kuona linapaswa kufanyika bila kuondoa macho barabarani. Funga macho, kisha jaribu kuwasha taa, waipa, kuondoa ukungu na kuwasha taa za dharura. Ikiwa hata moja linahitaji kupekua skrini, lipunguzie gari alama. Si mawazo ya kizamani: tangu mwaka 2026 shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari Ulaya, huhitaji swichi halisi kwa indiketa, taa za dharura, honi na waipa ili gari lipate alama za juu. Angalia pia kama mwanga wa skrini unaweza kushushwa sana usiku.

Hatua ya saba: kazi za kila siku

Pima buti kwa vitu unavyobeba. Je, mtungi wa gesi wa kilo 15 unasimama wima mlango ukifungwa? Je, ndoo nne za lita 20 zinaenea? Kizingiti cha buti kikiwa juu ya nyonga, gunia la mchele litakuwa mateso. Mtoe mzee ndani ya gari na umrudishe mara moja, ukitazama kama anagonga kichwa kwenye paa lililoteremshwa na kama magoti yake yamepanda juu kwa sababu ya betri iliyo chini ya sakafu. Kwenye magari mengi ya umeme, kiti cha nyuma kina nafasi ya kutosha mbele ya magoti lakini paja halilali kwenye kiti, na safari ya Bagamoyo itamchosha.

Fungua sakafu ya buti utafute tairi ya akiba. Magari mengi ya umeme hayana. Yana kichupa cha gundi na pampu ndogo. Gundi huziba tundu la msumari, lakini haizibi ubavu wa tairi uliopasuliwa na shimo. Fundi pancha yupo kila kona ya jiji, ila hana tairi ya saizi yako. Ikiwa sakafu ya buti haina nafasi, amua mapema tairi itakaa wapi na itakula nafasi kiasi gani.

Kisha pima tumbo la gari. Tesla Model 3 ina nafasi ya milimita 140 hivi kutoka ardhini, na BYD Atto 3 takriban milimita 175, yote mawili yakiwa matupu. Wapakie watu wanne na upime tena. Kinachokwaruzwa na tuta kwenye gari la umeme ni bamba linalolinda betri, ambayo ndiyo sehemu ya thamani kubwa kuliko zote, hivyo mwombe fundi alinyanyue gari na kulichunguza bamba hilo kwa ajili ya michubuko, mikunjo na kutu. Nyaya nene za rangi ya machungwa ni za umeme mkubwa. Mwoshaji wa magari asizielekezee mpira wa presha, na fundi asiyefunzwa asiziguse. Maji yakijaa Jangwani, subiri au zunguka, hata kama gari la mbele limepita.

Hatua ya nane: kwa anayechagua gari la umeme

Nissan Leaf zilizotumika ndizo zinazoanza kuwafikia wengi kwa bei inayovumilika. Betri ya vizazi vyake viwili vya kwanza haipozwi kwa maji, na joto huichosha, kwa hiyo tazama kipimo cha afya ya betri kwenye dashibodi: gari jipya huwa na vijistari 12, na kila kinachopotea hakirudi. Leaf za kuuzwa Japani huja na waya wa chaji ambao plagi yake haiingii kwenye soketi zetu za miguu mitatu. Usitafute kiunganishi cha kubahatisha wala waya wa kurefusha. Nunua chaja ya volti 230, na fundi mwenye leseni ya EWURA akufungie saketi yake peke yake yenye swichi inayokata umeme ukivuja.

Chaja ya kuchomeka ya ampea 10 hutoa takriban kilowati 2.3. Betri ya uniti 40 iliyoisha kabisa itahitaji zaidi ya saa 17, lakini mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku hutumia uniti 6 au 7 na kuzirudisha ndani ya saa tatu hivi. Ikiwa nyumba yako iko kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, gari peke yake litakutoa humo, na bei ya kila uniti ya LUKU itabadilika. Kwa kuwa umeme hukatika, chaji gari likiwa nusu.

Fikiria pia mahali tundu la chaji lilipo. Kwenye Leaf hizo liko puani, hivyo utaingia getini kwa mbele na kutoka kinyumenyume kila asubuhi, watoto wa mtaani wakielekea shule. Hapo vipimo vya hatua ya nne vinageuka kuwa vya lazima. Na kumbuka kwamba gari la umeme halivumi. Miundo mipya ya magari hayo imetakiwa kutoa sauti ya tahadhari hadi mwendo wa kilomita 20 kwa saa, Japani kuanzia mwaka 2018 na Ulaya kuanzia 2019, lakini hakuna atakayeisikia sauti hiyo kwenye Mtaa wa Kongo saa saba mchana. Asiyekusikia lazima wewe umwone.

Safari ya majaribio

Usikubali kuzungushwa mtaa mmoja wa lami mbele ya yadi. Omba njia yenye kipilefti, mtaa mwembamba wenye mtaro, tuta lisilo na alama, na makutano ya kukata kulia. Zima redio. Endesha sehemu moja ukiwa umefunika skrini kwa kitambaa, ili ujue gari linaonyesha nini bila msaada. Ukirudi, egesha kinyumenyume mara mbili: mara ya kwanza kwa vioo peke yake, mara ya pili kwa kamera. Mpe usukani mwenzi wako naye afanye vivyo hivyo kwa kiti alichokirekebisha mwenyewe, kisha linganisheni alama za chaki na maelezo mliyoandika kabla ya kuanza kuzungumzia bei na muuzaji.